Sauti Kumi na Mbili, Vichwa Kumi na Mmoja

Fomu ilikuwa na swali kuhusu choo. Je, posti ina choo? Palikuwa na visanduku viwili, kimoja cha ndiyo na kimoja cha hapana, na katika wiki zote tulizozunguka Kisangani tukihesabu polisi sikumpata komanda hata mmoja aliyeweza kuingia kwenye kisanduku. Mmoja aliniambia, "Iko, lakini iko ya kanisa." Mwingine akasema, "Ilikuwako, mvua ikaibeba." Wa tatu, mzee mwenye heshima zake, alivua kofia kwanza, akaniangalia kwa huruma: "Maman, ni nani alikutuma kuuliza mambo ya hivi?" Mimi nikawa naandika majibu yao pembezoni kwa herufi ndogo kama sisimizi, na kila jioni msimamizi wetu alinigombeza kwa kuchafua karatasi za serikali.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari huko Mangobo. Mwaka ule serikali ilitaka kujua polisi wake ni wangapi nchi nzima: posti ziko wapi, kila posti ina askari wangapi, wanaume kwa wanawake, wana umri gani, wanalala wapi, wana redio au wanapiga kelele tu. Kila mkoa ulitafuta watu wake wa kuhesabu. Ilikuwa likizo kubwa, nikaandika barua, nikaitwa. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Sijawahi kupenda kukisia. Wanafunzi wangu wanajua kwamba ukiniambia "karibu kumi" nitakuuliza ni kumi au si kumi, na ukicheka nitakusimamisha ubaoni mpaka kengele ilie.

Tulifundishwa siku tatu katika ukumbi ambao feni zake zilikuwa zimesimama, kwa sababu umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umeamua kupumzika wiki hiyo. Msimamizi, mama mwembamba mwenye miwani aliyetoka Kinshasa, alitembea kati ya viti akijipepea kwa fomu. Maneno yake aliyasema kwa Kilingala, nami naweza kuyarudia mpaka leo: "Mnahesabu vichwa, hamhesabu midomo. Komanda akikuambia ana watu ishirini, mwambie awapange mstari." Kila jina lililomo katika kitabu cha posti lazima liwe na mtu wa kuonekana kwa macho. Asiyeonekana, na hana karatasi ya ruhusa wala ya hospitali, anapigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nyumba za kambi vilevile: kila nyumba iwe na jina la askari aliye hai na anayefanya kazi, na ile isiyo na askari apewe askari mwingine. Niliyaandika yote hayo kwenye daftari langu, nikapiga mistari miwili chini yake. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Ilipofika zamu ya kugawana sehemu, wenzangu walikwepa Lubunga. Hakuna aliyetaka kuvuka mto kila siku na mfuko wa karatasi ndani ya pirogi. Mimi niliinua mkono kabla mama wa miwani hajamaliza kulitaja jina. Wakanisifu kwa ujasiri, nikanyamaza nikasifiwa. Ukweli ni kwamba mama yangu alikaa Lubunga, kwenye kambi ya polisi, na wakati wao wakila mikate ya mafuta barabarani, mimi ningekuwa nakula lituma kwa mama yangu, ndizi zilizotwangwa na mtu anayejua.

Nilizaliwa kwenye kambi hiyo. Papa alikuwa polisi wa posti ya hapo maisha yake yote ya kazi. Kulikuwa na nyumba sita za matofali ya kuchoma zinazoangalia uwanja mmoja, na mwisho wa uwanja posti yenyewe, na mlingoti wa bendera uliopinda kidogo tangu malori ya mahindi yalipopita karibu mno. Asubuhi za kwetu zilianza na harufu ya pasi ya makaa. Mama alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya shati la papa kama mvua nyembamba, kisha akalaza pasi, na mvuke ukapanda mpaka usoni kwake. Papa alisimama pembeni na fulana yake akisugua viatu kwa soksi kuukuu, akimwambia mama asiunguze kola. Hakuwahi kuiunguza kola, na papa hakuacha kumwambia. Natamani kuusikia tena ubishi ule hata mara moja.

Kisha ilikuja apeli. Askari walijipanga uwanjani, komanda akafungua kitabu, akasoma jina moja moja, na kila mtu akaitikia "Présent!" Sisi watoto tulikaa nyuma yao kwenye ngazi za nyumba, na kila mmoja alimjua baba yake kwa sauti. Ya papa ilikuwa fupi na nzito, kama mtu anayetua gunia. Niliijua orodha ile kwa moyo kabla ya katekisimu. Mchana tulicheza apeli kwa majina ya baba zetu, na mimi sikukubali mtoto mwingine awe papa. Niliwahi kumng'ata msichana wa nyumba ya pili kwa jambo hilo, na sijamwomba msamaha mpaka leo.

Papa akirudi kunywa chai aliniuliza, "Leo wangapi?" Hapo ndipo nilipoanza kazi ya hesabu, kama mnataka kujua. Nilikuwa nahesabu majina yaliyosomwa, halafu nahesabu viatu na kugawa kwa mbili, na kwa muda mrefu majibu yangu mawili yalikataa kulingana. Majina yalizidi kwa mtu mmoja. Nililia kwa hasira. Papa alicheka, akaniambia nihesabu tena kesho.

Papa alikufa miaka tisa kabla ya hesabu hii ninayoisimulia. Aliugua muda mfupi, akavushwa ng'ambo hii ya kulia kwenda hospitali, na hakurudi. Matanga yalifanyika Mangobo, katika uwanja wa nyumba ya mdogo wake, na tukamzika upande huu huu. Mshahara wake ulikatwa mwaka uleule, maana kukata hakuchelewi. Faili la haki zake lilikwenda Kinshasa na bado liko huko. Mama alirudi kambini, kwenye nyumba ya sita, akaendelea kukaa. Niseme kama ilivyo: nilishukuru. Mimi na mume wangu na watoto tulikuwa tunabanana katika vyumba viwili vya kupanga, na sikuuliza ni kwa haki gani mjane anaachiwa nyumba ya serikali. Hata siku ile nilipopiga mistari miwili chini ya maneno ya msimamizi, nilijiambia komanda atakuwa na karatasi fulani. Mwalimu wa hesabu anajiambia "karatasi fulani"!

Siku ya posti yetu nilivuka mapema, ukungu bado umelala juu ya maji. Mwenye pirogi aliuliza nakwenda wapi na mfuko mkubwa hivyo, nikamwambia nakwenda kuhesabu polisi. Akapiga kasia mara mbili tatu. "Ukimaliza wao, ukuje kutuhesabu siye pia," akasema. "Siye watu ya mayi, hakuna mwenye anajua tuko wangapi."

Komanda wa posti alikuwa rafiki wa papa, waliingia kazi pamoja. Tangu utotoni namwita Tonton, kama baba mdogo. Alinipokea kwenye ngazi, nywele zote zimekuwa nyeupe, mkanda umefungwa kwenye tundu la mwisho. Aliuliza watoto wameamkaje, mume ameamkaje, miguu ya mkwe wangu inaendeleaje. Halafu akajivuta kidogo.

"Leo umekuja kama mutoto ao kama serikali?"

"Kama serikali, Tonton."

"Bon. Serikali ikae basi."

Akaniletea kiti, akakiweka barazani, akaenda uwanjani na kitabu chake. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kusimama mbele ya mstari na kumwangalia kila mtu usoni. Lakini fomu ilikuwa na visanduku vingi kwa kila jina, umri na cheo na mwaka wa kuingia kazini, nami nikaiweka gotini, nikainamisha kichwa, nikawa natia alama kwa kusikia. Na niseme pia kwamba ilikuwa raha. Ile sauti ya Tonton ikisoma, jogoo wa mtu akiingilia kati, jua likianza kupasha saruji: nilikuwa nimerudi kwenye ngazi za nyumba yetu, na miaka arobaini haikuwepo.

Akasoma jina la papa.

Alilisoma mahali pake, baada ya jina lililolitangulia siku zote. Na sauti ikaitikia, "Présent!" Na mkono wangu ukatia alama. Uliitia vizuri kabisa, katikati ya kisanduku, maana masikio yangu yalifundishwa hivyo tangu utoto: likitajwa jina hilo, linafuata jibu hilo. Jina lililofuata lilikuwa limekwisha kusomwa nilipojua nimefanya nini. Kalamu ikabaki hewani. Sikuwa na hofu wakati huo wala hasira. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, papa alikuwa yu hai, nami nilikuwa na furaha ambayo sijui niifanyie nini hata leo.

Kisha nikainua kichwa. Nilikuwa nimesikia sauti kumi na mbili. Nikahesabu vichwa: kumi na mmoja. Nikahesabu viatu, nikagawa kwa mbili. Kumi na mmoja. Mtu wa mwisho mstarini, askari mnene wa kama miaka thelathini ambaye sikumfahamu, alikuwa anatazama vidole vyake. Tonton hakutazama pembeni. Alinitazama mimi.

Ofisini nilimpandishia sauti, mzee aliyenibeba mgongoni. Nilimwambia huo ni uongo, kwamba kitabu cha posti si cha kuchezea, kwamba jina la papa yangu si la kuitikiwa na kila mpita njia. Aliniacha nimalize. Alikuwa anapanga mihuri yake miwili mezani, mmoja kando ya mwingine, kisha akasema.

"Hapa kwetu mutu akikufa, na dossier yake haiyarudi, hatumutoshe mu kitabu. Anaitwa. Ule iko wa mwisho mu ligne, ndiye anamujibia. Tulikuta iko vile, na siye tukafanya vile. Jina likitoka, nyumba inatoka. Bibi na watoto wataenda wapi?" Akasukuma muhuri mmoja mbele kidogo. "Alors, usikasirike bure. Papa yako mwenyewe alijibia mutu. Unamukumbuka mama wa nyumba ya tatu? Bwana yake alikuwa amekufa zamani. Papa yako ndiye alikuwa wa mwisho mu ligne."

Mama wa nyumba ya tatu alikuwa akitugawia karanga sisi watoto. Nilikaa pale nikihesabu upya asubuhi zote za utoto wangu, yale majina yaliyozidi kwa mtu mmoja, na papa akicheka na kikombe cha chai mkononi. Kumbe nilikuwa sahihi. Alijua hesabu yangu ni sahihi na akaniambia nihesabu tena, na hakunieleza mpaka anakufa. Nilitaka kumkasirikia papa, nikashindwa.

Fomu bado ilitaka kuona wapi askari wanalala. Tano kati ya nyumba sita zilikuwa na askari wake. Wengine walipanga vyumba mtaani. Nikauliza yule wa mwisho mstarini analala wapi, na Tonton akanitangulia hadi nyuma ya posti, kwenye depo wanakoweka baiskeli zilizokamatwa. Katikati ya magurudumu na minyororo kulikuwa na godoro, sufuria, ndoo, na mwanamke kijana aliyekuwa anamnyonyesha mtoto mchanga. Dari lilikuwa linavuja pembeni. Mtoto aliachia ziwa, akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mdogo asiyejua kukohoa, kisha akanyonya tena. Mama yake alinisalimu kwa adabu, akaomba radhi kwamba hana kiti.

Kwa hiyo sasa nilijua yote. Mtu aliyelala na mtoto wake katikati ya baiskeli ndiye aliyeamka kila siku kuitikia jina la papa, ili mama yangu abaki katika nyumba ambayo, kwa kanuni, ingekuwa ya askari huyo. Kalamu nyekundu ilikuwa kwenye mfuko wangu. Nikiitumia, mama anatoka nyumbani kwake. Nisipoitumia, mtoto anabaki depo, nami ninapeleka Kinshasa askari mmoja ambaye yuko kaburini. Nikamwambia Tonton nitaandika baada ya chakula.

"Enda ukule," akasema. "Karatasi haisikiake njaa."

Mama alikuwa ameshapakua. Lituma ilikuwa kwenye bakuli la bluu, na samaki wa mtego wa wavuvi Wagenia, yule wa mifupa mingi anayempenda yeye, na sombe ya majani ya muhogo. Nilinawa mikono, nikakaa, nikamega, nikairudisha bakulini. Mama yangu si mtu wa kuzungushwa.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia. Wewe ulikuwa unajua?"

"Niko nasikia kila asubuhi. Ukuta iko karibu."

Nikamweleza kanuni, vichwa na midomo, kalamu nyekundu, nyumba. Halafu nikasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kinywani mwangu. Nilimwambia naweza kuandika kumi na wawili. Nilimwambia yule mama wa miwani hawezi kuvuka mto kuja kuhakikisha, na kwamba mtu mmoja katika nchi hii ni kitu gani, ni chembe tu. Mimi, wa kumi au si kumi.

Mama aliacha kula. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Wakati tulizika papa yako," akasema, "wewe ulinikasirikia. Usiseme hapana. Ulinikasirikia juu ya nguo nyeusi."

Ilikuwa kweli. Siku aliporudi kambini baada ya matanga nilimsindikiza hadi mtoni, na pale ukingoni, kabla ya kuingia kwenye pirogi, nilimwona anavua kitambaa cheusi cha kichwani, anavua kanzu nyeusi juu ya nguo yake ya maua, anavikunja na kuvitia kwenye kikapu. Kila alipotutembelea Mangobo alivivaa, na kila aliporudi kwake alivivua. Nilidhani alikuwa na haraka ya kusahau. Niliona aibu mbele ya shangazi zangu waliokuwa wakinong'ona. Miaka tisa nilimpenda mama yangu na kumwekea kinyongo kwa pamoja, na nilikuwa nadhani hajui.

"Ni Tonton yako aliniomba," akasema. "Mutu mwenye anaitwa asubuhi na anajibu, iko hai. Bibi yake anavaa nyeusi juu ya nani? Inspecteur akipita anione mweusi, atauliza. Donc huku mi haiko mujane. Niko bibi ya mutu. Miaka tisa sijalia mu nyumba hii, juu watu wangesikia."

Niliutafuta mkono wake, ulikuwa bado na mafuta ya samaki.

"Nilikubali, juu walifanya kwa wema. Utawaambia nini watu wa wema? Lakini ile sauti haiko yake. Nilingojea nitaizoea, sijaizoea. Na sasa ule askari iko na mutoto. Asubuhi nasikia mutoto anakohoa mu depo, kisha nasikia baba yake anajibia bwana yangu. Vyote viwili, mi niko ndani ya shuka." Akasukuma bakuli upande wangu. "Andika."

"Utaenda wapi, mama?"

"Kwako. Ao hauna nafasi?"

Swali hilo nilistahili, nikalimeza pamoja na lituma yangu. Nikamwambia nafasi ipo. Haikuwepo, lakini tuliipata.

Alasiri nikarudi ofisini. Tonton alifungua kitabu kwenye ukurasa wenyewe, akaushikilia kwa kidole usipeperuke. Nilipotoa kalamu aliniambia, "Ngojea kidogo." Akasimama, akavaa kofia yake, akanyoosha shati. Ndipo nikapiga mstari juu ya jina la papa. Kalamu ilikuwa mbovu, ikabidi niurudie mara mbili, na hilo liliniuma kuliko nilivyodhani. Katika fomu niliandika askari kumi na mmoja. Kwenye nyumba ya sita, mahali pa kuandika mkaaji, nikaandika: mjane. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaandika pembezoni kwa herufi zangu za sisimizi kwa nini jina lile lilibaki kitabuni, kwamba faili halijarudi, na kwamba komanda huyu hakula kitu cha mtu. Jioni ile msimamizi aliisoma karatasi mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaiweka karatasi chini ya nyingine bila kunigombeza.

Hesabu ile iliisha. Takwimu zilikwenda Kinshasa, na zimo humo ndani ya jumla kubwa ambamo posti yetu haionekani tena. Sijui walizifanyia nini. Mama anakaa nasi Mangobo, amekwisha kugombana na majirani wote na kupatana na nusu yao. Mimi nimebaki na mazoea ya kushuka mtoni siku za Jumapili na kutazama ng'ambo, nikitafuta mlingoti uliopinda. Siwezi kuuona kutoka hapo, lakini natazama. Nawakumbuka watu wa wiki zile, makomanda wangu wasio na vyoo, kiti cha baraza, karatasi zilizonuka mvua. Naikumbuka zaidi ya yote Jumamosi iliyofuata, siku tuliyokwenda kumhamisha mama.

Tulifika apeli inaanza. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya sita, mweusi kuanzia kichwani hadi miguuni, mbele ya uwanja mzima. Tonton alimwona. Alisoma kitabu chake polepole, jina kwa jina, na alipofika pale akapumua, akapita. Majina kumi na moja, sauti kumi na moja. Alipokifunga kitabu mama alilia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mwanamke aliyefiwa asubuhi ile ile, na wanawake wa nyumba nyingine wakatoka mbio na kumshika, wakalia naye, na askari wakavunja mstari bila amri na kuvua kofia. Mtu akaleta viti. Mtu akawasha moto wa chai. Tulikaa matanga ya papa mahali alipokuwa akiitikia, miaka tisa baadaye, na mimi nililia nikiwa nimeegemea bega la mama yangu, sina kinyongo hata kidogo.

Jua lilipokuwa juu, watu wakaanza kuja mmoja mmoja kumpa pole. Yule askari wa mwisho mstarini alingoja wote wapite. Akapiga goti, akaanza kuomba msamaha, sijui wa nini.

Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili.

"Aksanti kwa kumujibia," akamwambia. "Sasa simama. Enda ukatoshe mutoto mu baridi, umulete mu nyumba yenu."